Zamu ya Kalekye na Kompyuta Iliyomweka Nyuma

Waliokuwa kwangu asubuhi ile ni hawa, na nitawataja ili mjue nani ni wa nani. Mwende, binti ya kitinda mimba wangu Muthama, mwenye duka la kompyuta kule Emali, ambaye ndiye alitutengenezea mpango wa zamu kwa simu. Ndunge, mke wa jirani yangu Kimeu, mwenyekiti wa kikundi chetu. Mutisya, mdogo wake Kimeu, kwa hivyo shemeji ya Ndunge, mtu wa mdomo mrefu na mikono mizuri ya kazi. Kalekye, ambaye hakuwa ndugu ya mtu yeyote pale. Alitoka Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, kama nilivyotoka mimi nikiwa msichana, na yeye na mume wake Musembi wakanunua kile kipande cha mteremko mkali juu ya mto. Na mimi mwenyewe, Kavutha, mwitaji wa mwethya hapa Matiliku mpaka magoti yakasema basi. Kuna na mwingine, anaitwa Pavel, lakini huyo hakuwa pale kwa mwili. Mtamjua nikifika kwake.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kikundi sasa mmekuta kila kitu kwenye simu. Meseji inakuja, unajua Jumanne unaenda kwa nani, unabeba jembe. Ni vizuri. Silalamiki, na msidhani nawaambia haya kulalamika. Nataka tu mjue kazi hii ilivyokuwa kabla, na siku ile ilivyotushinda kidogo halafu ikakubali.

Mwethya ni watu kukusanyika wakachimba shamba la mmoja leo, wiki ijayo la mwingine, mpaka wote wafikiwe. Kazi yetu sisi ilikuwa matuta. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda nyasi juu ya udongo huo, na mvua ikija maji yanasimama mtaroni badala ya kukimbia na shamba lako mpaka mtoni. Mwitaji ana kazi mbili: kupima laini ambayo mtaro utafuata, na kuita zamu.

Kupima nilifundishwa na Syombua, mke wa Nzioka, mama mfupi aliyekuwa anavaa kofia ya mume wake akiwa kazini. Vifaa vyake vilikuwa vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba, na pima maji ndogo ya fundi imening'inizwa katikati ya kamba. Watu wawili wanasimama mbalimbali na vijiti, wa tatu anaangalia kale kajicho ka hewa ndani ya kioo. Kakikaa katikati, hapo na pale ni sawa, piga kigingi. Na kamba ivutwe! Kamba ikilegea inadanganya kuliko mtu.

Kimeu alipokuwa kijana alitaka kupima peke yake, bila Syombua, shamba la mama yake, Mbithe. Akaona taabu kutembea mpaka katikati kuangalia kajicho kila mara, basi akaisogeza pima maji karibu na mkono wake. Laini ikashuka polepole kuelekea nyumbani, na macho hayakuona. Mvua ya kwanza mtaro ule ukakusanya maji yote ya kilima na kuyaleta jikoni kwa Mbithe kama bomba. Sufuria zilikuwa zinaelea. Mama Mbithe akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Kimeu, mimi nilikuomba unichimbie mtaro. Vyombo ningeosha mwenyewe."

Mpaka leo Kimeu akipita mahali watu wanapima, mtu lazima aulize kama sufuria zimewekwa juu.

Syombua hakucheka siku ile. Alimwita akamwambia jambo ambalo nilikuwa namwambia kila anayeshika kamba: ukimaliza kupima, geuza. Kile kijiti cha kushoto kiende kulia, na pima maji nayo igeuke. Kajicho kakisema vile vile, amini. Kakisema kingine, usichimbe, kuna kitu kimepinda, na si mlima. Mwende alikuwa anashika kamba kwangu akiwa bado mdogo wa kimo, kijiti kinampita kichwa, na hiyo "geuza" aliisikia mpaka akawa anaisema mbele yangu.

Kuita zamu nako kuna sheria yake. Shamba ambalo limekaa muda mrefu bila kuchimbwa ndilo linafuata. Lililochimbwa juzi linarudi nyuma. Na mgeni, mtu aliyeingia kikundini na hajawahi kuchimbiwa hata mara moja, anatangulia wote. Watu wa nje wanashangaa, wanasema mgeni angoje. Syombua aliniambia sababu na nikaona ina akili: "Ukianza na shamba la mgeni, umemfunga kwa kamba laini. Hawezi kukuacha, maana umeshamtolea jasho. Ukianza na lako, akichoka anakwenda zake na hujui utamlaumu kwa nini."

Hivyo nilikuwa napita nyumba kwa nyumba, naita. Sikuenda shule ya kutosha kuandika majina ya watu wote hao, nilikuwa nayo tu kichwani, na shamba la kila mtu na mara ya mwisho tulipolichimba. Halafu vikundi vya vijiji jirani vikaungana na chetu, na njia zikawa ndefu. Kichwa kilikuwa bado kinaweza. Magoti ndiyo yalikataa.

Ndipo Mwende, mjukuu anayemwita nyanya yake susu, akasema, "Susu, hiyo kazi ya kuita inaweza kufanywa na simu."

Alikuja na laptopu yake, tukaketi hapa uani, akawa ananiuliza shamba moja moja lilichimbwa lini mara ya mwisho.

"La Ndunge?"

"La Ndunge ni ile wiki ng'ombe wa Mutisya alizaa mapacha."

"Susu, tarehe."

"Hiyo ndiyo tarehe. Muulize Mutisya, hawezi kusahau."

Akampigia Mutisya, na Mutisya akamwambia siku, na rangi za ndama, na yule aliyekufa. Tuliendelea hivyo mpaka mashamba yote yakawa na tarehe. Baadaye Ndunge akaomba kitu kimoja kiongezwe: mashamba mawili yakiwa na tarehe moja, lenye mteremko mkali litangulie. Mwende akaongeza. Simu zikaanza kuita watu na mimi nikawa mtu wa kukaa kivulini nikisikia majembe kwa mbali. Ni raha, wacha niwaambie. Usiogope kustaafu.

Sasa Kalekye. Aliingia kikundini baada ya hayo yote, mgeni wa kwanza tangu simu ishike kazi. Alikuwa anakuja kila Jumanne na jembe lake limenolewa, anachimba mstari wake na wakati mwingine wa mtu mwingine, anakula isyo ya mahindi na maharagwe pamoja nasi, anarudi kwake. Na kwake kulikuwa na shida. Lile shamba lilikuwa wazi, halina hata tuta moja, na mvua iliyopita ilikuwa imechonga korongo kutoka juu mpaka karibu na choo. Mvua ingine kama ile, mahindi yangekwenda, na udongo wa kupanda tena usingekuwepo. Kila meseji ikija, Kalekye anaangalia simu, anairudisha mfukoni. Watu wameitwa kwa Ndunge. Wameitwa upande wa soko. Kwake bado.

Mutisya, na huo mdomo wake, akasema siku moja watu wakila, "Mama Kanyangi, hii kompyuta imekujua. Inasikia Kikamba cha ng'ambo inajifanya haielewi."

Watu wakacheka. Kalekye akacheka pia, lakini sahani aliiweka chini na chakula ndani.

Asubuhi hiyo ninayowaambia, mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya vilima. Mwende alikuwa amelala kwangu. Ndunge na Mutisya walikuja mapema, maana meseji ilikuwa imesema Jumanne ile ni shamba la Mutisya, na yeye alitaka nimuoneshe pa kuanzia. Tukiwa kwenye chai, Kalekye akaingia na sururu ya kikundi begani. Akaiegemeza ukutani.

"Nimerudisha hii," akasema.

Ndunge akamwambia, "Si utaihitaji Jumanne?"

"Jumanne nitakuwa nachimba kwangu na Musembi. Tuko wawili, tutafika tutakapofika. Mwenyekiti, mimi sina neno na mtu. Lakini nimechimba kwa kila mtu, na mawingu ni yale."

Mutisya akakiweka kikombe chini.

Mimi nikasema, "Mwende, mwite huyu kwa mdomo tu. Sheria inasema mgeni kwanza. Nilikuwa naita kwa mdomo miaka yote, na hakuna aliyekufa."

Ndunge akakataa, na alikuwa na haki. "Mama, ulipokuwa unaita wewe, kila mtu alikuwa anajua ni Kavutha na hahongwi. Sasa tulikubaliana simu ndiyo inaita. Nikiruka simu leo kwa Kalekye, kesho huyu shemeji yangu atakuja na sababu yake."

"Ninazo nyingi," Mutisya akasema.

Mwende akafikiri, akasema angeweza kuweka tarehe ya zamani sana kwa Kalekye, ya uongo, atangulie. Halafu akajijibu mwenyewe kabla hatujafungua mdomo. "Hapana. Hiyo ni kusema tulichimba mahali hatujachimba. Na mgeni mwingine akija, nidanganye tena? Kwanza mimi niliiambia wazi asiye na tarehe aanze. Ngojeni. Mama Kalekye, keti unywe chai, usiende."

Kalekye akaketi, lakini kwenye ukingo wa kiti.

Sasa nitawaeleza mambo ya kompyuta kama nilivyoelezwa, na wenye kusoma mtanivumilia. Majina yetu yako ndani ya databesi, ni kama ghala. Kuliuliza ghala swali, Mwende hakutengeneza chombo kutoka mwanzo, kwa sababu hakuna anayetengeneza jembe kwa kuanza kuchimba chuma. Kuna watu walishaifanya kazi hiyo wakaiacha wazi atumie anayetaka, na chombo kama hicho wanakiita maktaba. Hiyo maktaba inachukua swali la Mwende, inaliandika upya kwa lugha ya ghala. Swali lake lilikuwa na maagizo mawili. La kwanza, panga kwa tarehe, na asiye na tarehe aanze. La pili, wakilingana, panga kwa mteremko, na ambaye shamba lake halijapimwa mteremko akae nyuma.

Alitengeneza ghala dogo la majaribio, mashamba manne tu: la Ndunge, la Mutisya, langu, na la Kalekye lisilo na tarehe. Akauliza. Kalekye akatoka wa mwisho.

Mimi nikasema labda jina lake limeandikwa vibaya. Mwende akaangalia, liko sawa. Nikasema labda ni kwa sababu nambari yake ya simu ni ya kampuni tofauti na yetu. Mwende akanitazama kwa huruma, akanimiminia chai.

Kisha akasema polepole, kama anajiambia, "Wacha nigeuze."

Akaiambia ipange kinyume, asiye na tarehe awe mwisho na lililochimbwa karibuni litangulie. Sisi watatu tukageuka, wa mbele akawa wa nyuma. Kalekye akabaki palepale, mwisho.

"Mnaona?" Mwende akasema. "Huku mwisho, nikigeuza mwisho. Kuna kitu kimepinda, na si mlima."

Niliposikia hayo niliziba mdomo kwa leso nisicheke kwa sauti. Ndunge akauliza mlima umeingiaje, nikamwambia aendelee kunywa chai.

Mwende akaondoa agizo la pili, la mteremko, akabakisha tarehe peke yake. Kalekye akaruka mbele ya wote. Akarudisha mteremko. Kalekye akarudi nyuma. Sasa akajua mahali pa kutafuta. Akafungua ndani ya maktaba yenyewe, akawa anasoma, midomo inacheza, na sisi tukiangalia kama watu wanaongoja daktari atoke. Mutisya alisogea mpaka nyuma ya bega lake, na hajui hata kuwasha kitu hicho.

"Ni huyu hapa," Mwende akasema.

Mdudu, ndivyo wanavyoliita kosa la kompyuta, alikuwa mdogo. Ukitoa agizo moja, maktaba inaandika vizuri. Ukitoa mawili, yale maneno ya mwisho ya agizo la pili, "akae nyuma", inayabandika pia kwenye la kwanza na kufuta yaliyokuwepo. Kwa hivyo ghala lilikuwa limeambiwa asiye na tarehe akae nyuma, na lilitii. Zamani Mwende alipojaribu, lilikuwa agizo moja, likafanya kazi. Mteremko ulipoongezwa, sisi wengine wote tulikuwa na tarehe, hakuna aliyeguswa. Asiye na tarehe alikuwa Kalekye peke yake.

"Kwa hivyo si mimi," Kalekye akasema.

"Si wewe, mama. Hakuna aliyekuweka nyuma. Kila agizo lilitakiwa lishike maneno yake, likapewa ya jirani."

Ndunge akashusha pumzi. "Na mimi ndiye niliomba mteremko."

"Uliomba jambo zuri," Mwende akamwambia. "Chombo ndicho kilikosea kuandika."

Kurekebisha kulikuwa kufupi, kutafuta ndiko kulikokula asubuhi. Alibadilisha kwenye nakala yetu, akajaribu yale manne, akageuza, yakageuka yote. Kisha akaliuliza ghala kubwa, na jina likatoka. Simu zikalia mle ndani karibu pamoja: Jumanne, kwa Kalekye.

Tukamwangalia Mutisya, maana Jumanne ilikuwa yake. Alisoma meseji, akaisoma tena, akatazama mawingu mlangoni.

"Aiya," akasema. "Nimeibiwa na mashine mbele ya mashahidi."

"Shemeji," Ndunge akaanza.

"Shemeji nini? Shamba langu lina matuta ya zamani, yatashika. Lake halina." Akaichukua ile sururu ukutani, akamrudishia Kalekye mkononi. "Mama Kanyangi, Jumanne upike isyo ya kutosha. Mtu aliyeporwa zamu anakula mara mbili."

"Nitakupimia kwa debe," Kalekye akamjibu, na hapo ndipo akaegemea kiti.

Kuhusu Pavel sasa. Huyo ndiye mtunzaji wa ile maktaba, na Mwende alimtumia marekebisho ili na watu wengine wasipatwe. Pavel hakukubali haraka haraka, na nilimpenda kwa hilo. Aliuliza, nioneshe mfano unaoharibika bila marekebisho yako na kupona ukiyaweka. Mwende akamtumia yale mashamba manne kama yalivyo, na majina yetu ya kwanza. Pavel akaandika kwamba ni kosa kweli, akashukuru, akauliza kama Kalekye ni mtu. Mwende akamjibu ndiyo, na tunachimba kwake Jumanne. Basi yale majina akayaacha mle mle kwenye majaribio ya maktaba. Mwende anasema kila mara mtu anapobadilisha kitu ndani yake, kompyuta inapanga kwanza Kalekye, Mutisya, Kavutha na Ndunge, ikihakikisha wamesimama sawa. Sijui watu hao wanatusomaje. Nawatakia heri.

Jumanne nilibebwa na pikipiki mpaka kwa Kalekye, nikaketishwa juu ya mteremko kama malkia. Mwende na Kimeu walishika vijiti, na ndiyo, mtu aliuliza sufuria ziko wapi. Watu walikuja wengi, hata wale ambao zamu zao zilirudi nyuma. Mutisya alichimba mstari wa juu kabisa, penye mawe, na hakunyamaza kuanzia asubuhi. Walianza juu wakishuka, na korongo walilikata mara nyingi mpaka likakosa pa kupitia. Wiki hiyo yote Kalekye na Musembi walipanda nyasi.

Mvua ilikuja ikiwa bado wanapanda mstari wa chini. Ilikuwa kubwa. Kulipopambazuka Ndunge alipita kwangu na gamboti, tukashikana mikono mpaka pale. Kalekye alikuwa amesimama shambani peke yake, kanga imelowa, anaangalia mitaro. Maji yalikuwa yamejaa ndani yake, yametulia kutoka ncha hii hadi ncha ile, ya rangi ya chai ya maziwa, hayaendi popote. Hakugeuka tulipomsalimia. Alisema tu, "Tazameni. Yamekaa."

Wiki iliyofuata meseji ilipokuja, ilikuwa ya Mutisya. Kalekye alimwomba Mwende amwoneshe sasa yeye yuko wapi kwenye mstari. Mwende akashuka kwa kidole, akashuka, mpaka chini kabisa, na pale palikuwa na jina lake, sasa likiwa na tarehe.

Kalekye akacheka mpaka akashika ukuta. "Wa mwisho," akasema. "Niko wa mwisho kama watu."

Ndivyo ninavyokumbuka. Mutisya anasema mvua ile ilianza usiku, mimi nasema ni alfajiri, na Ndunge ana yake. Wewe uliyekuwepo ukaona nimemtia mtu maneno ambayo hakusema, au nimemwacha aliyechimba siku ile, njoo uniambie tu. Mimi siendi mbali siku hizi, na nitafurahi kusahihishwa na mtu aliyeshika jembe pale.